Kuku Ambao Hawakupitia Kasho

Mama Philomène Kavira hakuwa mtu wa kelele. Kwenye avenue yao, katikati ya Mabanga mjini Goma, watu walimjua kwa mambo mawili: sambaza wabichi, samaki wadogo wa ziwani, aliowanunua bandarini Kituku kila asubuhi na kuwauza mbele ya mlango wake, na kuku. Karibu kila parseli, yaani kila uwanja wa nyumba, ilikuwa na kuku, lakini wa Philomène walikuwa na manyoya yanayong'aa na vifua vya kushikika, kwa sababu vumbi la sambaza lililobaki kwenye beseni halikutupwa, lilichanganywa na pumba. Tangu benki za mji zifunge milango, kuku hao ndio waliotegemewa. Mtoto akiugua, jogoo alitoka. Shule ikidai, jogoo mwingine alitoka. Mume wake, Ézéchiel, mwanaume wa vilima vya Masisi aliyechonga chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kwa mikono yake, aliwaambia watu bila aibu kwamba yeye aliijenga ile nyumba lakini anayeishikilia isianguke ni mke wake.

Kuku hao walikuwa na sheria moja. Kuku yeyote aliyetoka nje, hata akiwa zawadi ya padri, hakuingia moja kwa moja kundini. Nyuma ya jiko, upande wa pili wa parseli, kulikuwa na kibanda kidogo cha mbao na wavu. Mgeni alikaa humo peke yake wiki tatu hivi, na kopo lake la maji na sahani yake ya chakula. Philomène alimhudumia baada ya kumaliza na wenyeji, kisha akanawa mikono kwa sabuni na kubadilisha kandambili. Watu wa nyumbani walikiita kibanda hicho kasho, kama chumba cha polisi ambamo mtu hufungiwa kabla kesi yake haijasikilizwa. Walicheka, naye aliwaacha wacheke.

Sheria hiyo alitoka nayo kwao, Butembo. Alipokuwa msichana, mgeni mmoja alimletea mama yake jogoo mzuri, na kabla ya mwezi kwisha hapakubaki hata kifaranga uani. Alipokwisha kuwa mke wa mtu Goma, Landry, veterineri, daktari wa mifugo aliyekuja kufundisha kikundi cha akina mama wa parokia, aliwaeleza sababu. Kuku anaweza kula, kunywa na kutaga kama kawaida huku ugonjwa umekwisha kumwingia. Mwingine aliugua zamani akapona, lakini bado anaubeba na kuwapa wenzake. Kwa macho hutajua, alisema Landry, unamweka mbali na unasubiri. Philomène alisikiliza akaona kwamba mama yake angekuwa na kuku zake kama mtu angemwambia maneno hayo mapema.

Katika nyumba hiyo alikuwepo pia Olive, dada mkubwa wa Ézéchiel. Alikuwa mjane. Vita vilimtoa Masisi na kitenge kimoja na sufuria moja, na mdogo wake akampa chumba cha nyuma. Wote, hata Philomène, walimwita yaya, kama anavyoitwa mkubwa wa familia. Alifua, alipika, alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na hakuna aliyemwambia kwamba anakula bure. Lakini kule kwao alikuwa na ng'ombe, na hapa aliomba yai. Ile kasho ilimchoma. Alisema zaidi ya mara moja kwamba Masisi kuku walichanganywa tu na watu walikula vizuri, na kwamba kumfungia kuku wa mwenzako ni kumwambia mwenyewe kuwa ni mchafu. Philomène hakubishana naye. Alisema tu kwamba sheria ni sheria.

Basi ikawa Héritière, binti yao aliyeolewa Minova, alijifungua. Philomène alipanda boti Kituku kwenda kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Kabla ya kuondoka alipita na Ézéchiel mbele ya banda na kumweleza kila kitu: maji, pumba, mlango ufungwe jioni, na asiingie kuku wa mtu yeyote. Ézéchiel aliitikia kila neno. Philomène akakaa Minova hadi kitovu cha mtoto kikaanguka na mama yake akaweza kusimama jikoni.

Alirudi na boti ya asubuhi, begi kichwani na ndizi mkononi. Alipousukuma mlango wa parseli aliwaona kabla hajamsalimu mtu. Katikati ya kuku wake wakidonoa pumba, walikuwemo matetea wawili wekundu na mmoja mweupe ambao hakuwajua. Yule mweupe hakudonoa. Alisimama kando, manyoya yamemsimama kama mwenye baridi, macho yamefumba, na jua lilikuwa linawaka.

Philomène aliteremsha begi polepole.

"Hizi kuku ni za nani?"

"Ni zangu," Olive alijibu kutoka jikoni. "Karibu, mama. Mutoto wa Héritière anaendelea vizuri?"

"Zilipita kwa kasho?"

Olive alitoka akifuta mikono kwa kitenge. "Kuku si mwizi, Philomène."

Ézéchiel alikuwa ameinama juu ya ubao, anasawazisha gurudumu la chukudu. Hakuinua kichwa. Kwa namna alivyoendelea kusukuma randa mahali palipokwisha kulainika, mke wake alielewa kwamba alijua, kwamba alijua tangu siku ya kwanza, na kwamba alinyamaza ili asigombane na dada yake. Hasira ilimpanda Philomène kutoka miguuni. Aliwakamata wale watatu mmoja mmoja, akawatia kashoni, akanawa, kisha akaenda kukaa ndani na nguo zake za safari.

Ézéchiel alipomfuata, alimwambia kwamba yaya ni mkubwa, angemkatazaje. Philomène akamjibu kwamba angemkataza kwa mdomo, kama watu wote wanavyokataza.

Yule mweupe alikufa siku iliyofuata. Philomène aliendelea kujidanganya kidogo, maana kuku wake walikuwa wanakula. Kisha asubuhi moja jogoo mkubwa hakuwika. Philomène alikuta kuku wawili wamelala kwenye vumbi, mabawa yameanguka, kinyesi chao kijani kama sombe. Mmoja alikuwa amepinda shingo hadi kichwa kikatazama mgongoni, akizunguka mahali pamoja. Wengine walikoroma kwa midomo wazi. Philomène aliwashika, akawasikiliza vifuani, akawarudisha chini. Akamtuma Ézéchiel amwite Landry, na Ézéchiel akaenda mbio bila kuvaa viatu.

Landry alikuja, akasimama mlangoni, akafunga mifuko ya plastiki juu ya viatu vyake kabla ya kuingia. Hakukaa sana. Alisema kwamba anayeweza kuapa ni laboratwari, lakini kwa macho yake ni ile pesti ya kuku ambayo Waswahili wa mashariki huiita kideri. Dawa haina. Chanjo ipo, na Philomène mwenyewe aliisubiri tangu mwezi uliopita, ila ilikuwa haijafika, kwa kuwa ile chupa inataka baridi njia nzima na siku hizo njia hazikuwa njia. Kumchanja kuku ambaye ameshaambukizwa si kumwokoa. Wale waliosimama bado wanaweza kuonekana wazima, alisema, lakini asimuuzie mtu, asimpe mtu, hata yai lisitoke, na waliokufa wachomwe.

"Wangekuwa kashoni hao watatu," Philomène aliuliza, "wangekufa hao watatu tu?"

Landry alisita. "Pengine," alisema. "Kasho si ukuta, mama. Lakini pengine."

Philomène alilirudia neno hilo mara mbili akimsindikiza hadi mlangoni.

Ni baada ya Landry kwenda ndipo Olive alipomfuata uani. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa msaada, kwamba hata sasa hawajapoteza vyote. Wapo kuku wanaosimama. Wakipelekwa sokoni leo, mutu hatajua. Rodrigue angewachukua hata hapahapa mlangoni, maana hata yeye ndivyo alivyofanya.

Philomène aligeuka. "Rodrigue alifanya nini?"

Olive alifunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Rodrigue alikuwa mfanyabiashara wa kuku, avenue mbili juu, mtu wa shati safi aliyejua kuwachekesha wanunuzi. Philomène alifika kwake na vumbi la banda bado kwenye sketi. Hakubisha hodi mara ya pili. Uani alikuta mabanda marefu yamefunguliwa milango, matupu, na kwenye kona lundo la majivu lenye mifupa midogo ndani. Hapo hakuhitaji kuuliza tena. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu alitaka alisikie kutoka kinywani mwake.

Rodrigue alijaribu kwanza kumkaribisha kiti. Kisha akasema biashara ina bahati mbaya zake. Philomène aliposimama palepale bila kukaa, akaanza kuudhika yeye pia.

"Ulitaka nifanye nini, mama? Zilianza kufa. Nilikuwa na zile zenye kuwa bado nzima, nikauza. Nikae na hasara yote peke yangu?"

"Ukaona afadhali tukae nayo sisi."

"Mimi sikudanganya mutu," Rodrigue alisema. "Muulize mama Olive. Nilimwambia hizi zinatoka mahali kuku zilikufa. Ni yeye alisema nipunguze bei juu ya ile."

Philomène alimtazama. Alitamani sana awe anasema uongo. Alimtazama usoni mpaka Rodrigue akageuza macho kuelekea majivu yake, na akajua kwamba katika jambo hilo moja mtu yule alikuwa amesema kweli. Alimwambia kwamba atapita mlango kwa mlango kuwaeleza watu, na kwamba akitaka kumzuia amzuie sasa. Rodrigue hakumzuia. Alicheka kidogo, kama mtu anayejua kwamba wanawake wakikasirika hupoa kabla ya chakula cha jioni.

Njiani kurudi Philomène aliwapita watu bila kuwasalimu, jambo ambalo hakulifanya maishani mwake. Alimkuta Olive amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake, anamsubiri. Ézéchiel alikuwa amesimama karibu na dada yake, mikono imening'inia.

"Ulijua," Philomène alisema.

Olive hakukana. Alisema kwamba wale watatu walikuwa wanakula vizuri siku ile, kwamba alifikiri waliokufa ndio waliokuwa wagonjwa na waliobaki ni wenye nguvu. Kisha akasema, bila kulia, "Nilitaka kitu kimoja humu ndani chenye kuwa changu. Ningezitia kwa kasho, ungeuliza nilizitoa wapi. Na wewe ungezikataa."

"Ningezikataa, ndiyo."

"Basi."

"Basi nini, yaya? Sasa tuko na nini, wewe na mimi?"

Ézéchiel alifungua mdomo kusema kwamba waachane na maneno, yaya amechoka, wote wamechoka. Mke wake alimnyooshea kidole, mara ya kwanza tangu waoane. Alimwambia kwamba wakati wa kusema ulikuwa ule kuku walipoingia mlangoni, na kwamba leo kazi yake ni kutafuta pipa.

Shimo lisingewezekana. Mabanga imekaa juu ya mawe ya volkano, na mtu anayetaka kuzika hata paka hukutana na jiwe jeusi kabla jembe halijazama. Ézéchiel alileta nusu pipa, akaweka makaa, akamwaga vumbi lake la mbao juu. Philomène aliwachinja waliobaki mwenyewe. Wengine walikuwa bado wanasimama. Tetea mmoja wa madoadoa, aliyezoea kutagia chini ya kitanda chake, alimfuata hadi kwenye kisu akidhani analetewa pumba. Philomène alimalizana naye, akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akapiga ukuta wa mbao kwa kiganja mara nyingi mpaka mkono ukamvimba. Hakuna aliyemfuata.

Moshi ulipopanda majirani walikuja. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wengi alimwomba amwachie hata wawili wale wenye nyama, atawachemsha sana. Philomène alijua nyumba ile ilikuwa na njaa, na kumnyima kulimuuma kuliko vyote vya siku hiyo. Alimweleza kwamba ugonjwa unatembea kwenye manyoya, kwenye damu, kwenye maji ya kuoshea, na kwamba mama huyo naye ana kuku uani kwake. Mama yule aliondoka akisema watu wengine wana roho ya kuchoma chakula. Philomène akaiongeza njaa ya mama huyo kwenye deni la Rodrigue.

Alipomaliza alioga, akavaa nguo nyingine, akaanza kupita kwenye avenue. Olive alimshika mkono mlangoni akamwomba aseme ugonjwa tu, asiseme ulikotoka, jina la nyumba lisichafuke. Philomène akautoa mkono wake. Katika kila parseli alisimama nje ya mlango, hakuingia, akasema maneno yaleyale: kuku wangu wamekufa wote, ugonjwa uliingia na kuku wa Rodrigue, aliwauza akijua, na kwetu tuliwanunua tukijua. Wafungieni wenu. Msiingize mgeni. Msije kwangu na viatu vyenu mkarudi navyo bandani.

Wengine walimshukuru. Wengine walimwuliza nani amemtuma. Murhula, fundi cherehani wa kona, alisikiliza mpaka mwisho kisha akakaa chini kwenye mawe. Yeye pia alinunua kwa Rodrigue wiki hiyohiyo, na kuku wake wameanza kupinda shingo. Alidhani mtu amemroga. Nyiramahirwe, mama jirani aliyekuwa na kundi kubwa kuliko wote, aliwaingiza kuku wake ndani palepale, akafunga na mlango wa parseli, na kwa muda mrefu watu walisalimiana naye kupitia ukutani. Kuku wake walinusurika.

Baada ya hapo ndipo Rodrigue alipoacha kucheka. Wanunuzi walipungua. Alikuja kwa Philomène na wazee wawili wa parokia, na wazee wakaongea vizuri, kwamba ndugu wakikoseana humaliza mambo pembeni, kwamba mtu ana familia, kwamba hasira haijengi. Philomène aliwapa viti. Aliwasikiliza hadi wakamaliza. Akawauliza ni lini walikwenda kuketi kwa Rodrigue, walipopata habari kwamba anauza kuku wagonjwa. Akasema kwamba hakutaka hela ya Rodrigue wala magoti yake. Alitaka asimame mbele ya watu wa avenue aseme mwenyewe alichofanya, ili kesho mwenye kuku waliougua ajue kwamba inawezekana kusema. Rodrigue alisema atafikiri. Hakusimama mbele ya mtu. Miezi miwili baadaye alikuwa anauza tena, sokoni mbali zaidi, kwa watu wasiomjua. Hakuna mkubwa yeyote aliyemwita kumwuliza.

Hilo ndilo lililomlaza Philomène na meno yamekazana. Aliyafuta mabanda kwa maji ya klorini, akachoma matandiko, akapaka chokaa, akaacha jua liingie. Landry alimwambia asubiri, naye akasubiri. Asubuhi alikwenda Kituku, akarudi na beseni, akauza sambaza, na vumbi lililobaki akalimwaga mtaroni kwa kuwa halikuwa na wa kulila.

Watu walimwuliza kwa nini Olive bado yuko pale. Jibu lilikuwa rahisi: angekwenda wapi? Kule kwao nyumba iliungua. Hasira ya Philomène haikumpa ruhusa ya kumtupa mjane barabarani, na jambo hilo nalo lilimkasirisha, kwamba hata katika kosa kubwa namna ile yule mwanamke alibaki mtu wake, wa kulishwa na kufunikwa. Waligawana kazi. Waliongea juu ya chumvi, maji na mvua. Siku moja Olive alimletea sahani ya maharagi chumbani alipokuwa na homa, akaiweka, akasimama kidogo, akasema, "Nilikosa, Philomène." Philomène alimwambia kwamba amesikia. Hakuweza kuongeza kitu, na hakutaka kuongeza cha uongo. Kwa Ézéchiel ilikuwa vilevile. Alianza kuwa msemaji kupita kiasi, akimwuliza mkewe juu ya kila msumari, na mkewe alimjibu.

Jumapili moja kanisani, padri aliposema watu wapeane amani, Rodrigue aligeuka kutoka benchi la mbele. Alikuwa na shati lake safi. Alinyoosha mkono kwa Olive, ambaye aliushika haraka akaangalia chini, kisha akaunyoosha kwa Philomène, akitabasamu, watu wakitazama. Philomène aliiweka mikono yake miwili juu ya mgongo wa benchi, akaiacha hapo. Mkono wa Rodrigue ulikaa hewani mpaka kwaya ikaanza, ndipo akaurudisha mfukoni na kugeuka mbele.

Nje ya kanisa Ézéchiel alimwuliza taratibu kama haogopi kumkatalia mtu amani mbele ya altare. Philomène alisema kwamba jambo hilo ataongea na Mungu mwenyewe, na si mara ya kwanza wanaliongea. Kisha akatangulia, maana jua lilikuwa limepanda na nyumbani hapakuwa na maji. Olive alimfuata nyuma yake na bidoni tupu ya kutekea maji, aliyoiacha nje ya kanisa wakati wa misa, na kwa mwendo ule wa haraka walishuka hadi kwenye bomba bila kusemeshana.